Tulikwenda Bawshar Kutazama Dari

Kaka yangu alirudi kutoka Misri na shahada ya uhandisi, suti moja, na ugonjwa wa majumba ya makumbusho. Ugonjwa huo hakuupata Misri. Aliupata Istanbul, alikokaa wiki chache na wenzake wa chuo kabla ya kurejea kwetu, na tangu alipoteremka forodhani Matrah hatukuwa na salama. Ukimwekea chai, atakusimulia majumba ya masultani wa Kituruki na kuta zake za vigae vya buluu. Ukimwambia leo tumepata changu wazuri, atakwambia kule kuna birika la maji chini ya mji, lina nguzo mtu hamalizi kuzihisabu, na samaki wanapita baina yake.

"Na watu wanapanga mstari, Bibi! Wanakata tiketi kwenda kutazama sufuria za wapishi wa zamani!"

Bibi, mama wa baba yetu, alikuwa akichambua mchele. "Sufuria zetu zina kasoro gani?" aliuliza. "Njoo uzitazame hapa, kisha uzioshe."

Mwaka ule wa sabini, watu wote wa Maskati walikuwa na kichaa cha namna fulani, kichaa kizuri. Sisi tulifika kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne, mimi nikiwa na miaka kumi na moja, na kwa miaka sita dunia yangu ilikuwa kichochoro kimoja cha Matrah. Milango ya mji wa Maskati ilifungwa usiku ukiingia, ukitembea baada ya hapo ushike taa, na kwenda bara, ndani ya nchi, ilikuwa shughuli ya kuomba ruhusa. Ghafla sultani akawa mwengine, na milango ikaachwa wazi. Watu walivaa miwani ya jua hata waliokuwa wamekaa ndani. Redio zilipigwa madirishani, na kila siku aliteremka mtu aliyepotea miaka kutoka Kuwait au Bahrain, akabusiwa na watu asiowajua. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilicheka toka asubuhi mpaka jioni, na mtu akiniuliza nnacheka nini nilizidi kucheka.

Kitu kimoja tu kilitutia doa. Wengine walipokuwa wakirudi, kaka yangu alikuwa akijitayarisha kuondoka. Alikwishapata kazi Kuwait, kazi nzuri, na alitwambia wazi kwamba atafunga Ramadhani nasi, atakula Idi nasi, kisha kwaheri. Bibi aliumia. Wajukuu zake walikuwa wametawanyika tangu tulipotoka Unguja, huyu Dubai, yule Mombasa, mwengine Uingereza akitafuna baridi. Huyu alimlea mwenyewe. Alimwita "mume wangu", kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, na siku ile aliposikia khabari ya Kuwait alitamka mbele yetu sote bila ya kupaka mafuta: "Nnataka mmoja abaki anizike."

Dawa aliyoijua ni moja, mke. Lakini nani angetupa mke? Watu wa mji walitupenda kwa kutucheka. Tulikuwa wale waliokuja na mabegi matupu, wanaosema Kiswahili nyumbani na kula wali wa nazi. Mama alibisha hodi nyumba mbili kwa siri, akajibiwa kwa adabu kubwa kwamba binti ameshasemewa na mtoto wa ami yake. Alirudi akajifungia chumbani akidai kichwa kinamuuma. Kaka hata hakujua, na angejua angecheka tu, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kimejaa magofu.

Basi akaanza kututembeza. Maskati haikuwa na jumba la makumbusho hata la dawa, lakini yeye alisema mji mzima ni makumbusho, haujakatiwa tiketi tu. Baba, aliyekuwa na duka la vitambaa, alimpa Land Rover la duka kila Alkhamisi ili apumzike na kelele zake. Mimi, Mama na Bibi tulipakiwa nyuma. Kila tukifika mahali Kaka alitangulia mlangoni, akanyoosha mkono na kusema kwa sauti nzito, "Tiketi!" Bibi alimtilia kashata kiganjani, ndipo tukapita.

Tulianza na ngome mbili za Wareno zinazotazamana juu ya bandari ya Maskati. Ile ya mashariki bado ilikuwa jela, kwa hivyo tuliisalimia kwa mbali na kushukuru. Chini ya ile ya magharibi Kaka alitusomesha historia huku mikono yake ikipaa kama anayefukuza nzi.

"Na hao Wareno walikwenda wapi?" aliuliza Bibi.

"Walifukuzwa, Bibi. Na babu zetu."

"Na babu zetu wakenda wapi?"

"Wengine wakenda Unguja."

"Na sisi huko Unguja tukafanywa nini?"

Bibi akaangua kicheko mpaka akakaa juu ya mzinga. Askari akaja mbio, akasema ni marufuku kukalia mizinga ya serikali. Bibi akamuuliza, mimi nikifasiri, kama una baruti ndani, na alipojibiwa hauna tangu enzi na enzi, akasema basi apewe dakika apumzike, na siku askari naye akizeeka atampisha akalie. Hilo la mwisho sikulifasiri, lakini askari alicheka vilevile. Watu wote walicheka mwaka ule.

Siku nyengine tulikodi mashua kwenda kutazama miamba ya bandari ambayo juu yake mabaharia wa manuwari wameandika majina ya meli zao kwa rangi nyeupe. Siku nyengine tulipanda ngome ya Matrah, na Mama akakwama katikati ya ngazi kwa sababu ya kiatu cha kisigino alichokataa kukivua. Kila safari ilipokwisha Bibi alimtazama Kaka akiendesha huku akipiga mluzi, na mimi nikamtazama Bibi. Alikuwa akihisabu Alkhamisi zilizobaki.

Mwishoni mtu mmoja sokoni akamwambia Kaka kwamba Bawshar iko nyumba ya kale, ndefu, ina minara na dari lililochorwa maua, na kwamba wenyewe walikufa zamani. Ilikuwa kweli. Walioijenga walikufa. Kaka hakuuliza kama walikufa bila ya kuzaa.

Siku hiyo tulivaa tukapitiliza, maana Kaka alikuwa na kamera na alitaka kutupiga picha chini ya hilo dari. Mama alitoa kanzu ya hariri aliyokuja nayo kutoka Unguja. Bibi alivaa dhahabu yake yote iliyosalia, akajifukiza udi mpaka gari likanuka harusi. Na kwa kuwa njia ni ndefu, tulijaza kapu: vitumbua, sambusa, mkate wa kumimina, na halwa iliyopikwa asubuhi ile Matrah, ya moto bado.

Njia ya lami ilituishia mapema. Khuwair wakati ule haikuwa na kitu ila miti ya miba na mbuzi wanaoipanda. Kaka alifuata alama za magurudumu ya mtu asiyemjua, akatupeleka mpaka upande wa Ansab, akakwama mchangani. Tulisukuma, Mama na hariri yake, mimi nikicheka mpaka nikaishiwa nguvu na kufukuzwa kazi. Bibi alibaki garini kwa kuwa, alisema, lazima awepo mtu wa kulifanya gari lione haya. Alasiri ilikuwa imeshaingia tulipoona mitende ya Bawshar na nyumba yenyewe nyuma yake, ndefu, rangi ya udongo, na mlango uliorudishwa nusu.

"Tupu," alisema Kaka kwa furaha. Akausukuma mlango, akaingia kwa kishindo, na paji lake likapiga kizingiti cha juu kwa sauti tuliyoisikia sote.

Juu dirishani mtu akacheka. Mwanamke.

Kabla hatujajua la kufanya, mzee mwenye fimbo akatokea, akamshika Kaka mkono na kumpeleka pembeni kwenye baraza la wanaume. Mwanamke wa makamo akatokea nyuma yake, mikono imefunguliwa. "Marhaba! Hayyakum!" alitukaribisha kwa Kiarabu, akatubusu mashavu kama waliopotezana.

Bibi akanivuta. "Hawa ndio watunzaji?"

"Watunzaji gani?"

"Wa makumbusho. Si kakako alisema Istanbul kuna watu wanakupokea mlangoni?" Na kabla sijamjibu akamkabidhi yule mama kapu letu lote, halwa na vyote. Akanong'ona, "Tiketi."

Nilipaswa kusema kitu. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiarabu cha huko. Cha Mama kilikuwa cha sokoni, na cha Bibi kilikuwa cha msahafu. Lakini watu wa bara wana adabu moja: mgeni haulizwi alilojia mpaka ale na kunywa. Hatukuulizwa. Na sisi kwa adabu zetu za Unguja tuliona aibu kumwambia mtu usoni, samahani, tulidhani nyumba yenu ni gofu. Tukatabasamu. Wakatabasamu. Mambo yakenda.

Bibi akaomba kuona vyumba, na akaoneshwa. Alifanya alivyozoea kwenye ngome. Alibonyeza magodoro, alifunua kasha la shaba na kunusa ndani, akaniamrisha niulize wanaolala humu ni wangapi, mvua inavuja wapi, na maji ya kisima yana chumvi au matamu. Kila swali nililolifasiri yule mama alizidi kunawiri. Alijibu kirefu. Alituonesha mpaka ghala la tende. Mama alikuwa akitoka jasho.

Binti wa nyumba alinichukua juu ya sakafu ya mnara. Ndiye aliyecheka dirishani. Alinizidi miaka michache, macho yake hayatulii, na tulipochungulia chini tukamwona Kaka ametoka barazani, anapima ukuta kwa miguu, kiatu mbele ya kiatu, uvimbe unamng'aa kwenye paji.

"Yule kakako ana wazimu?"

"Kidogo."

"Wazimu gani?"

"Wa nyumba za kale. Anazipenda kuliko watu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaendelea kumtazama, muda mrefu kuliko unavyohitajika kumtazama mtu anayepima ukuta. Nami nikamtazama anavyomtazama, na tumbo langu likajaa vicheko visivyotoka.

Tukaitwa chini. Na hapo ndipo tulipoliona dari. Magogo ya mtende yamepangwa, baina yake mbao nyekundu zilizochorwa maua meusi na meupe, na aya za Kurani zikikimbia toka ukuta hadi ukuta. Tulikaa tukalitazama vinywa wazi. Yule binti akaingia na dele la kahawa, akammiminia Bibi wa kwanza.

Bibi hakuwa akinywa kahawa. Ilimpigisha moyo mbio. Jirani zetu wa Matrah walimjua, wakimwekea chai. Kwengine aligusisha mdomo kwa heshima. Lakini siku hiyo alikuwa ameduwaa. Alipokea kikombe, akakiweka mkekani mbele yake ili mkono upate nafasi ya kuonesha ua moja juu, na akakisahau.

Yule mama akamtazama Bibi, akakitazama kikombe, akamtazama Bibi. Akatoka. Tukasikia akinong'onezana na mzee nyuma ya mlango. Mama akanifinya paja. Yule binti alisimama na dele lake, macho chini.

Yule mama alirudi na kukaa karibu na Bibi, magoti kwa magoti, akasema maneno machache taratibu.

"Anasemaje?" aliuliza Bibi.

"Anasema... anasema, kunywa kahawa yako, Bibi. Mlilolijia limekubaliwa."

"Tumelijia lipi?"

Nikamweleza kwa Kiswahili, nikiuma ulimi nisicheke wala nisilie. Kwa watu hawa mgeni mwenye ombi zito huiweka kahawa chini, haigusi mpaka ajibiwe. Na wanawake waliovaa hariri na dhahabu, wamekuja na kapu la halwa, wameingia kila chumba, wamemwacha kijana wao nje na wanaume, wana ombi gani?

"Ya Rabbi," alisema Mama. "Tumeposa! Bi mkubwa, tuondokeni. Mwanangu hata hajui! Mwambie tumekosea njia."

"Tulia," alisema Bibi. Alikuwa hacheki tena. "Binti mwenyewe ndiye yupi?"

"Huyo mwenye dele."

Bibi akamtazama. Mabega ya yule binti yalikuwa yakitikisika.

"Muulize yeye. Usimuulize mama yake."

Nilimuuliza, mbele ya mama yake, na mpaka leo sijui nilipata wapi uso huo. Binti hakuinua macho. Alijibu polepole, na mama yake akamruhusu amalize. Alisema amewakataa watoto wa ami yake wawili kwa kuwa hawakuwahi kumchekesha. Huyu amemchekesha kabla ya kuingia ndani.

Mama yake akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea, kisha akanigeukia. Alisema wao sharti lao ni moja. Mahari si neno. Wanawe wa kiume watatu waliondoka miaka ile ya dhiki kwenda kutafuta kazi ng'ambo, na mmoja tu ndiye aliyerudi. "Huyu binti hatumtoi Maskati. Anayemtaka akae hapa. Nimechoka kusindikiza watu."

Nikafasiri. Nilipofika neno la kusindikiza, Bibi alikuwa ameshafahamu kabla yangu. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta. Alimshika yule mama mkono, akatafuta katika Kiarabu chake chote cha msahafu, akapata maneno mawili, "Wa ana." Na mimi.

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Bi mkubwa, kazi ya Kuwait..."

Bibi akainua kikombe, akasema bismillahi, akanywa mpaka tone la mwisho. Kisha akakinyoosha kwa yule binti, atiliwe tena.

Vigelegele vilivyopigwa vilimfikia Kaka nje. Alidhani kuna mtu amejifungua.

Magharibi ilikuwa karibu tulipoondoka, kapu letu limerudi limejaa tende na ndimu. Kaka alikuwa amelewa furaha. "Watu wema mno hawa! Yule mzee amenionesha matundu ya kupigia bunduki. Amenambia nirudi nikipenda. Kisha akaniuliza khabari zangu zote, nimesoma nini, nnasali wapi, nna maradhi gani. Sijaona mtu mwenye hamu ya elimu kama yule."

Mimi na Mama tulikuwa tumezibana pua tusicheke.

"Mume wangu," alisema Bibi toka nyuma, "nimekunywa kahawa."

"Wewe? Na moyo wako?"

"Unapiga. Mwambie," aliniambia mimi, "mimi sina pumzi."

Nikamwambia, yote, toka kapu mpaka vigelegele. Kaka akafunga breki. Injini ikazimika. Mbuzi wa Khuwair wakatutazama. Mama akaanza kusoma Qul-huwallahu chini chini, nami nikangoja tupigiwe kelele, kwa kuwa alikuwa na haki ya kupiga kelele.

"Ndiye yule aliyenicheka?" aliuliza.

"Ndiye."

"Alisema nimemchekesha?"

"Alisema."

Akagusa uvimbe wake. "Na Kuwait, Bibi?"

"Mimi nimekunywa kahawa yangu," alisema Bibi. "Hiyo yako hujanywa. Ukitaka nirudi kuitapika, geuza gari sasa hivi, ntakwenda kuwapigia magoti. Siwezi kukufunga kamba." Na baadae, kwa sauti ambayo sikuisikia kwake kabla wala baada ya siku ile: "Lakini ntapenda ubaki."

Kaka aliinamisha kichwa juu ya usukani. Mabega yalimtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kisha nikaona anafanya yote mawili. Akawasha gari.

"Nyumba yenyewe hata ndani sijaiona," alisema. "Mmeniacha nje nahisabu mawe."

Hakugeuza gari, aliendesha kuelekea Matrah. Bibi alisogea mbele, akanyoosha mkono na kumshika bega. Vikombe viwili vile vilikuwa vimemuingia barabara, na moyo ulimwenda mbio njia nzima, lakini hakumwachia.